Mkono wa Pili

Siku ya nne mahabusu, Fundi Polepole aliacha kujitetea. Inspekta alilitambua hilo kabla hata hajavuta kiti. Mtu aliyekamatwa huja na maneno siku ya kwanza, siku ya pili huja na hasira, na siku ya tatu hulia. Huyu alikuwa ameshayavuka yote hayo, amekaa kama mzigo uliosahauliwa stendi.

"Fundi," Inspekta alisema, "leo saa nane mchana unapelekwa mahakamani. Shitaka ni la kuua. Una neno?"

"Raba za pampu ya breki nilizifunga mimi," fundi alisema akitazama vidole vyake. "Hakuna mwingine aliyegusa."

"Hilo tumeliandika mara tatu."

"Mafuta nilitia mimi. Mapya, ya manjano, kama asali nyepesi. Nikafunga kifuniko, nikapangusa. Sasa gari limekataa kusimama na mtu amekufa. Mnataka niseme nini tena?"

Aliyekufa alikuwa mshonaji wa sare za shule, baba wa watoto watatu. Gari lake kuukuu lilikuwa limekosa breki kwenye mteremko wa tangi la maji, mchana kweupe, likaenda kuishia kwenye ukuta wa ghala. Alikuwa peke yake ndani. Siku kumi na moja kabla ya hapo aligombana na fundi nje ya gereji, na maneno ya ugomvi ule mtaa mzima uliyajua kwa moyo.

"Wiki moja baada ya kazi hiyo alirudi akasema mafuta ya breki yanapungua," fundi aliendelea bila kuulizwa. "Nikamwambia aniachie gari siku mbili nitafute panapovuja. Akasema natafuta ulaji, yeye ana watu wake wa kumshauri bure. Nikamwambia asirudi tena kwangu, na gari likimuua shauri yake. Mikono yangu ndiyo polepole, afande. Mdomo haukufundishwa."

Koplo, msichana mwenye mwandiko mzuri na macho ya kuku mwenye vifaranga, alikuwa anaandika. Aliacha alipoona Inspekta amesimama.

"Umesema ya manjano?"

"Ya manjano."

"Koplo, nisomee ripoti ya mkaguzi wa magari. Ukurasa wa pili."

Koplo alipekua faili. "'Mafuta ya breki yapo ya kutosha, rangi nyekundu. Pampu imefunguliwa hivi karibuni na kufungwa upya.'" Aliinua uso. "Afande, sote tuliikimbilia pampu. Wekundu tuliupita bila hata salamu."

Fundi hakuinua kichwa. Ilikuwa kama wanazungumza habari za mtu mwingine.

Gari la mshonaji lilikuwa uani mwa kituo, limefunikwa turubai. Mkaguzi wa magari, mzee mnene asiyependa kuulizwa jambo mara mbili, alikuja akitafuna kijiti cha meno.

"Mimi nimeandika yote," alisema. "Na kusoma nako ni kazi yangu?"

"Si yako, mzee wangu. Ni yetu, na hatukuifanya."

Inspekta alimtuma Koplo kantini akalete glasi mbili za maji. Binti alirudi akijizuia kucheka. "Mama wa kantini anauliza mnakunywa dawa gani saa tatu asubuhi."

Hakuna aliyecheka naye. Kwenye glasi ya kwanza Inspekta alidondosha mafuta mapya ya breki kutoka kwenye kopo la madereva wa kituo. Matone yalizama, yakayeyuka, maji yakabaki maji. Kwenye glasi ya pili alidondosha mafuta yaliyofyonzwa kwa bomba la sindano kutoka gari la marehemu. Hayo yalikaa juu, mekundu, yakafanya macho kama mafuta juu ya mchuzi.

"Mafuta ya breki huchanganyika na maji," alisema. "Haya yamegoma. Haya ni ya usukani."

"Hayo umeyajulia wapi, afande?" Koplo aliuliza.

"Nilisoma mahali."

Mkaguzi alikitupa kile kijiti. Aliifungua pampu pale pale juu ya gazeti, akatoa raba za ndani moja moja. Zilitakiwa ziwe imara na zenye kingo kali. Zilikuwa zimevimba na kulegea kama vidole vya dobi. Mzee alizigeuza kiganjani mwake, na alipoanza kusema, ule ukali wake wa mwanzo ulikuwa umekwisha.

"Mafuta ya usukani yanakula raba za breki. Hayaui siku hiyo hiyo. Siku nane, siku kumi. Raba zinavimba, zinalegea, halafu siku moja unakanyaga pedali inakwenda mpaka chini kama mguu kwenye tope." Alifuta mikono. "Hili mimi ningeliona, Inspekta. Niliona pampu imefunguliwa, nikasema fundi huyo, nikafunga daftari nikaenda zangu kunywa chai. Na hii ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote hii."

"Fundi angeweza kuyatia yeye haya?"

"Angeweza. Na angeweza yeyote mwenye chupa."

Nyumbani kwa marehemu, cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na kando yake sketi za shule ambazo hazijapindwa zilirundikana hadi usawa wa dirisha. Mjane aliwakaribisha bila kuwatazama machoni.

"Pole tena, mama," Inspekta alisema.

"Tumeshapoa, baba. Mmekuja kuniambia ameshahukumiwa?"

"Bado. Nimekuja kuomba maji ya kunawa. Mikono yangu imeshika oili."

Alimwonesha uani, penye pipa la maji na kata. Inspekta alinawa taratibu huku macho yake yakitembea. Kambani, katikati ya nguo za watoto, kulikuwa na kipande cha kitambaa cheupe cha mashati ya shule. Kilikuwa kimefuliwa, kikafuliwa tena, na bado kilikuwa na baka la waridi katikati. Alikishika, akakinusa.

"Hiki kilipangusa nini, mama?"

"Rangi ya nguo ilichuja."

"Rangi ya nguo hainuki gereji."

Mjane alishika mti wa kamba. Koplo alitaka kusogea, Inspekta akamzuia kwa jicho. Mwenye aibu hasukumwi. Ukimsukuma anaanguka na siri yake ndani. Ukimngoja, ataitua mwenyewe kama mtu anavyotua ndoo.

"Siku ile maduka yalikuwa yamefungwa," mwanamke alisema hatimaye. "Mafuta ya breki yalikuwa chini ya mstari, na kesho yake alikuwa na sare za kupeleka shule mbili. Kurudi kwa fundi aliona haya, baada ya maneno yale. Akauliza kwenye simu, kwa wenzake. Wakamjibu atie ya usukani, ni ndugu moja. Chupa tulikuwa nayo. Akainua boneti, akashika kifuniko vumbi lisiingie."

"Nani alimimina?"

Mjane alianua shati la mtoto kambani, akalikunja.

"Mimi. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, hakuwa amekula tangu asubuhi. Akaniambia, mama watoto, mimina wewe, wewe humimina chai bila kudondosha. Nikamimina. Hata tone halikuanguka. Kilichochafuka ni kitambaa tu, nilipopangusa mdomo wa chupa."

"Na kwenye maelezo yako ukamtaja fundi."

"Shemeji alisema ni fundi. Waombolezaji wote walisema ni fundi. Nami nikasema ndiyo." Alivuta mtandio akajifunika uso, na sauti ikaja kutoka ndani ya nguo. "Ningewaambia nini wanangu, baba? Kwamba baba yao ameuawa na mkono wa mama yao? Nikipiga magoti kusali naona chupa. Nikiwapa watoto chai naona chupa."

"Iko wapi?"

"Nyuma ya pipa hapo, ulipokuwa unanawa."

Koplo alivaa glavu, akaitoa. Ilikuwa nusu, nyekundu. Alimwinua mjane kwa kiwiko, akamketisha kwenye kigoda, akamwambia kwa upole, "Dada, wewe ulimimina ulichoambiwa. Sasa tuambie nani alikwambieni." Simu ya marehemu ilikuwa imesagika pamoja naye, wasingeweza kuiuliza.

"Wanajiita Ukoo wa Mikweche," mjane alisema. "Ni watu wenye magari makuukuu, wanashauriana kwenye kundi la simu namna ya kutengeneza wenyewe bila fundi. Wanaitana binamu. Mkubwa wao ni mwalimu mstaafu, Babu Spana. Mume wangu huko jina lake lilikuwa Binamu Sindano."

Inspekta alikuwa ananawa kwa mara ya pili mikono iliyokwisha takata. Mwaka wa tatu sasa, na yeye alikuwa kwenye ukoo ule ule. Mizaha ya Binamu Sindano ilimchekesha kila asubuhi akinywa chai. Siku zote nne hakujua kwamba maiti aliyoifunika kwa shuka kule mteremkoni ilikuwa ya binamu huyo.

Alikung'uta maji, akatangulia kutoka.

Inspekta alipokuwa anaendesha, Koplo alipiga simu kwa Mkuu wa Kituo, akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mjane anayegeuza maneno siku ya nne, hakimu atasema tumemtisha," alisema. "Glasi za maji ni nzuri, chupa ni nzuri. Lakini ndugu wa marehemu wamekaa hapa nje ya ofisi yangu tangu asubuhi wanataka mtu. Huyo aliyetoa ushauri, nataka maelezo yake kwa maandishi, na sahihi yake, mezani pangu kabla ya saa nane. La sivyo fundi anapanda gari la mahakama."

"Sawa, Mkuu."

"Na msichelewe kwa kunywa maji."

Koplo alikata simu. "Afande, nyumba ya huyo Babu Spana unaijua? Mbona huulizi njia?"

"Haipotei," Inspekta alijibu, na hakuongeza.

Kweli haikupotea. Sebule yake ilikuwa nusu sebule nusu karakana. Vifaa vilining'inia ukutani kwa ukubwa wake, na kila kimoja kilichorwa umbo lake kwa chaki ili kirudi mahali pake. Babu Spana mwenyewe alikuwa mrefu, miwani imefungwa kwa uzi.

"Karibuni, wanangu, karibuni. Gari linasumbua?"

"Linasumbua, babu," Koplo alisema. "Ila mwenyewe hayupo tena kuliendesha."

Mzee alikaa chini kabla hajawakaribisha wao kukaa.

Mwanzoni alikana, kama watu wazima wanavyokana, kwa kulalamika. Ukoo ulikuwa na mamia ya watu, na yeye si kitabu, angekumbukaje kila tone la kila gari? Koplo aliomba simu yake. Aliitoa polepole. Binti alirudi nyuma kwa kidole mpaka siku ile, akasoma kwa sauti:

"'Binamu zangu, mafuta ya breki yamepungua, maduka yamefungwa, kesho alfajiri nina safari. Nifanyeje? Mkichelewa kujibu nitatia mate.' Huyo ni Binamu Sindano. Chini yake, Babu Spana. 'Ujumbe huu umefutwa.'" Alimgeukia. "Umeufuta lini, babu?"

Mzee alinyoosha mkono kudai simu yake. Koplo hakuirudisha.

"Ulikuwa mwalimu. Ukifuta ubao, vumbi la chaki huenda wapi?"

"Humwangukia aliyefuta," mzee alijibu, na kichwa kikainama. "Niliufuta siku niliyosikia msiba. Ukoo wenyewe hawajui bado. Niliona nikiufuta, na mimi nitasahau."

"Ulikuwa umemwambia nini?"

"Kwamba mafuta ya usukani na ya breki ni ndugu. Nikaandika, mkono wangu."

"Maana yake nini, mkono wangu?"

"Ndiyo sheria yetu, binti. Niliitunga mimi, watu wasije wakauana kwa maneno ya kusikia. Anayeshauri lazima aandike mkono wangu, yaani kazi hii nimeifanya kwa mkono wangu huu. Halafu lazima atokee wa pili aandike vile vile. Usipopatikana mkono wa pili, hairuhusiwi kugusa spana."

"Na wewe ulikuwa umeifanya?" Inspekta aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

Babu Spana alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi na mdogo zaidi.

"Miaka thelathini na minne nilisimama mbele ya watoto, mwanangu. Mtu akiniuliza jambo, neno 'sijui' halipandi kooni. Yote mawili ni mafuta, yote yanateleza, nikasema ni ndugu. Sijawahi kuifanya. Hata siku moja."

Koplo alikuwa bado anasoma. "Wa pili yupo hapa, na wake haujafutwa. 'Mkono wangu.' Dakika moja baada ya babu. Anaitwa Binamu Kimya." Aliinua uso. "Kimya ni nani?"

"Sura yake siijui. Jumamosi tunapokutana uwanjani kutengeneza, haji. Hataniani na mtu, haulizi swali. Lakini mkono wake haukosi. Ukishashauri, hujaweka simu chini, Kimya ameshatia. Tulisema labda ni fundi bingwa anayejificha asisumbuliwe."

Inspekta alitazama ukutani, penye michoro ya chaki. Alijaribu kuikumbuka dakika ile: alikuwa wapi, ameshika nini, alisoma swali lote au nusu. Hakukumbuka chochote.

"Basi, babu," Koplo alisema, "haya uliyosema nitayaandika, nawe utasaini."

"Sisaini."

"Babu!"

"Sisaini peke yangu. Peke yangu nitaitwa muuaji. Tukiwa wawili tutaitwa wajinga, na ujinga nitauweza. Nileteeni Kimya, asaini juu yangu au chini yangu, nami nitasaini hapo hapo. Kwa nini aibu yote nibebe mimi na yeye amekaa kwake anakula?"

Koplo alitazama saa. Saa sita na nusu. "Kuiandikia kampuni ya simu itupe jina la mwenye namba, ni wiki nzima. Fundi atakuwa ameshafika gerezani." Alitoa simu yake mwenyewe mfukoni. "Afadhali niipige hii namba sasa hivi, nimwambie aje kwa hiari yake."

"Usipige," Inspekta alisema.

"Kwa nini, afande?"

"Itaita humu ndani."

Hakuna aliyesogea. Babu Spana alivaa miwani yake, akamtazama Inspekta kutoka viatuni mpaka kichwani, kama mtu anayesoma jina kwenye jiwe la kaburi na kukuta ni la jirani yake.

Inspekta alivuta kigoda, akaketi mbele ya Koplo, mahali ambapo huketi wanaohojiwa. "Andika," alisema.

Kalamu ya Koplo ilikuwa hewani. Ilichukua muda kushuka.

"Jina?"

"Unalijua."

"Sheria inataka ulitaje mwenyewe, afande. Ulinifundisha wewe."

Akalitaja.

"Kazi?"

"Mpelelezi wa polisi."

"Uliwahi kutia mafuta ya usukani kwenye breki za gari lolote?"

"Hapana."

"Uliwahi kufungua pampu ya breki?"

"Sijawahi kufungua kitu chochote kwenye gari isipokuwa kuongeza maji."

"Sasa mkono wako uliutoa wapi?"

"Niliona Babu Spana ametia wake. Ndivyo nilivyofanya siku zote. Nikiwa ofisini, nikiwa kwenye foleni ya hospitali. Kuuliza niliona haya, mtu mzima, afisa, asiyejua gari lake mwenyewe. Kutia mkono hakuna aibu. Watu wanakushukuru. Wanakuita binamu."

"Ulijua kwamba bila mkono wa pili asingegusa?"

"Nilijua."

Koplo aliandika yote, neno kwa neno, na mwandiko wake mzuri ulikuwa umeharibika. Babu Spana alikohoa.

"Mwanangu," alisema, "unajua mimi nilisemaje moyoni siku ile? Nilisema, kama nimekosea, wa pili atanizuia. Ndiyo maana sheria iliwekwa."

"Nami nilisema wa kwanza anajua, babu."

Mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akaomba kalamu. Alisaini chini ya sahihi ya Inspekta, kwa sahihi ya kialimu, kubwa, yenye mkia.

Huko nje, Koplo alisimama mbele ya mlango wa gari. Alikuwa mdogo kwake kwa cheo na kwa umri, na maneno yalimtoka kwa shida.

"Afande, faili naomba nilishike mimi."

Inspekta alimpa faili. Akampa na funguo za gari.

Mkuu wa Kituo alisoma maelezo yote mawili akiwa amesimama. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Kesi ni ya Koplo kuanzia sasa," alisema. "Ndugu wa marehemu nitawaambia mimi. Wewe kitambulisho chako kiache hapa mezani, kesho saa mbili uje kujieleza kwa wakubwa. Una ombi?"

"Moja, Mkuu. Mlango wa fundi niufungue mimi."

Fundi Polepole alikuwa ameshavaa viatu, tayari kwa mahakama. Inspekta alisimama mlangoni, akamweleza. Alimweleza habari ya mafuta mekundu, ya raba zilizovimba, ya mikono miwili iliyoandikwa kwenye simu, na wa pili ni wa nani. Hakuongeza pambo wala kupunguza. Alipomaliza, fundi alikuwa ametoa macho.

"Raba zangu nilizifunga sawa?"

"Sawasawa. Mkaguzi amezikuta mahali pake."

"Mungu wangu." Fundi alishika ukuta. "Jana nilikubali, unajua? Nilimwambia Mungu ni mimi. Siku nne nazifunga raba zile kichwani, nazifungua, nazifunga, na kila nikifika mwisho naona nimekosea. Leo hakimu angeniuliza, ningesema ndiyo. Nilikuwa nimeshapanga sentensi."

Inspekta alisema, "Nisamehe, fundi."

"Kusamehe nitasamehe, nimelelewa hivyo. Lakini mlinitia pingu mbele ya gereji yangu, wateja wangu wanaona, mama yangu mzazi anaona. Sitatoka hapa kwa gari wala kwa mlango wa nyuma. Tutakwenda kwa miguu, mimi na wewe, na wewe ndiye utakayesema."

"Niseme nini?"

"Ulichoandikisha."

Wakatoka. Jua lilikuwa la utosi. Fundi alitembea kama jina lake, hatua baada ya hatua, na Inspekta ikabidi afupishe mwendo asimtangulie. Wa kwanza mtaani alikuwa kinyozi, mashine inanguruma juu ya kichwa cha mteja, wengine watatu wanangoja kwenye benchi.

"Afande!" kinyozi aliita. "Muuaji mnamrudisha kwetu?"

"Fundi hana kosa," Inspekta alisema. "Ni mimi. Nilimthibitishia marehemu kazi nisiyoijua, akaniamini."

Alisema huku akitazama kizingiti, na mashine ilikuwa inanguruma. Kinyozi aliizima. Watu wa kwenye benchi waliinua vichwa, na mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo akasimama.

"Umesemaje, afande? Sijakusikia."

Fundi hakumsaidia. Alifunga mikono nyuma, akangoja kama anavyongoja injini ipoe.

Inspekta alivua kofia. Akakanyaga kizingiti, akageukia barabara, akasema tena, kwa sauti ya kusikika ng'ambo.

Kisha wakaelekea duka linalofuata.